Siku Nilipomteremsha Shangazi Masingini

Watalii wameigundua Masingini. Siku hizi ukikaa kwa muuza kahawa pale Welezo utawaona wakiteremka na baiskeli za matairi mapana, kofia ngumu kichwani, tope mpaka kwenye nyusi, wanacheka peke yao. Wazee wa pale barazani hawaishi kushangaa. "Mtu mzima na akili zake anapanda mlima kwa baskeli, wala hakutumwa na mtu!" Mimi nakunywa kahawa yangu kimya. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, nyumbani kwetu Malindi ya mjini Unguja, miaka ya themanini ikielekea mwisho, wakati baadhi ya watalii hao walikuwa bado wananyonya.

Baiskeli yangu ilikuwa ya Kichina, nyeusi, nzito, haina gia hata moja. Ami yangu aliiacha alipohamia Maskati, na kwa kuwa hakuna mwengine aliyeitaka, ikawa yangu. Wenzangu wa mtaani waliokuwa na baiskeli walikuwa na sababu nazo: huyu anapeleka mikate, yule anakwenda kazini bandarini. Mimi yangu ilikuwa ya milimani. Kila Jumapili nilitoka asubuhi, nikapita Darajani, nikashika njia ya Amani mpaka Welezo, na lami iliponiacha nikaanza kupanda.

Baba alikuwa hachoki kunitania. "Babu yako," aliniambia, "alikuwa akipanda kule juu kwa punda kwenda kukagua mikarafuu yake. Sasa mikarafuu si yetu. Wewe unakwenda kukagua nini?"

Kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu, nilikuwa nanuna na kuondoka. Lakini jibu lilikuwapo, ila sikujua namna ya kulisema mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai. Jibu ni kwamba mimi, mtoto wa Mji Mkongwe, niliyekulia kwenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, siku ya kwanza nilipoingia msitu wa Masingini nilishuka kwenye baiskeli nikasimama. Sikuweza kuendelea. Njia ilikuwa nyembamba, mizizi imeivuka kama mishipa kwenye mkono wa mzee, na juu yangu miti imekutana hata jua likawa linaingia vipande vipande. Baridi ilinipokea, baridi ya kweli, ya kukufanya ujifunge vifungo vya shati. Maji yalikuwa yanalia mahali nisipopaona. Kima mmoja alikaa kwenye tawi, akanitazama kwa dharau, akaendelea kula. Nilitaka kupiga kengele ya baiskeli ili nisikie kitu cha kwetu, nikaona haya. Nilihisi nimeingia nyumbani kwa mtu bila ya kupiga hodi.

Tangu siku hiyo sikupiga kengele ndani ya msitu hata mara moja. Niliyajua mabonde yale na matuta yale, wapi udongo mwekundu unateleza, wapi mti ulioanguka unaweza kuupita ukiinama, wapi uachie breki na wapi uzishike kwa roho yako yote. Na nilipofika kileleni, pale ambapo msitu unafunguka kidogo upande wa magharibi, kila Jumapili nilisimama tena. Mji wote ulikuwa pale chini: mabati yenye kutu, minara, bandari, na bahari imeuzunguka. Ningeweza kuufunika kwa kiganja. Watu wote niliowaogopa na wote niliowapenda walikuwa chini ya kiganja kile, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ni shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa akikaa Dole, upande wa pili wa msitu. Mashamba yalipotoka mikononi mwa babu, jamaa zetu wengine waliteremka mjini na wengine wakavuka bahari. Shangazi aliolewa na mkulima wa Dole, akabaki kule kule alikozaliwa, na hata alipofiwa na mumewe hakutaka kuhama. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya njia, na chini yake palikuwa na mfenesi mkubwa. Pale kwenye mfenesi, nikishatoka msituni, ndipo nilipoipiga kengele yangu, nikaipiga kwa fujo, maana nilikuwa nimeibana njia nzima. Nikifika uwanjani birika limeshatelekwa, na kuku wametawanyika, na yeye ananicheka. "Umekuja, mpanda milima?"

Yeye peke yake hakuniuliza nakwenda kukagua nini.

Kila Ijumaa shangazi aliteremka mjini kwa gari la shamba, na furushi la mchicha na muhogo, akaja kukaa na mama yake. Bibi yangu alikuwa mzee sana lakini si mgonjwa; kikohozi tu kilichokuja na kuondoka. Shangazi alikuwa akimsuka nywele zake zilizobaki, ambazo hazikuwa nyingi, na bibi akisema naye mbele yetu sote, bila ya huzuni yoyote, kama mtu anayeagiza sukari. "Ulipotoka tumboni mwangu mimi ndiye niliyekukosha. Na mimi nikifa utankosha wewe. Sitaki mikono mingine." Shangazi alikuwa akijibu, "Naam, mama," na kuendelea kusuka. Sisi wengine tulikuwa tukitazama pembeni. Lakini nyumba nzima tulilisikia agizo lile, na tulilisikia Ijumaa nyingi.

Bibi alifariki siku ya katikati ya wiki, baada ya sala ya alfajiri, amekaa juu ya mswala wake. Mama ndiye aliyemkuta.

Kwetu maiti hasubirishwi. Jua halijapanda vizuri, jirani zetu wanaume walikuwa wameshajaa barazani na wengine wamekwenda kuchimba kaburi. Baba alitangaza kwamba bibi atazikwa baada ya adhuhuri. Ikawa hivyo, na kila mtu akaona ni sawa, mpaka mama aliposema kwa sauti ndogo, "Na binti yake je?"

Simu Dole haikuwako. Gari la shamba huteremka asubuhi na kurudi juu mchana, kwa hiyo saa ile hakuna lililokuwa likipanda. Jirani yetu alikuwa na gari, na gari lilikuwa halina petroli tangu mwezi uliopita. Wanawake hawaendi makaburini. Kama shangazi hakuwahi kufika kabla ya jeneza kutoka nyumbani, basi hatomuona mama yake tena, seuze kumuosha.

"Akijaaliwa atafika," alisema baba. "Asipojaaliwa, Mungu hakumwandikia." Lakini alisema hivyo huku akitazama ukumbini, kwenye baiskeli yangu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitazama bila ya kuicheka. "Hiyo njia yako ya kipuuzi," akaniambia, "inafika upesi?"

"Inafika."

"Basi nenda kamlete. Na usimwambie kafa. Mwambie kazidiwa."

Hakuhitaji kunielewesha. Kwetu habari ya msiba haimwagiwi mtu usoni, tena mwanamke, tena peke yake shamba. Unamwambia kwamba mgonjwa kazidiwa, anamwita, ili aondoke kwa miguu yake mwenyewe. Akifika, kati ya watu wake, akiuona umati mlangoni atajua, na wa kumshika watakuwapo.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kutoka Welezo udongo ulikuwa unaganda kwenye matairi hata magurudumu yakawa hayazunguki, na mara kwa mara ilinibidi nishuke niukwangue kwa kijiti, nikitukana. Niliuchukia msitu siku ile. Nilimlilia bibi yangu huku nasukuma baiskeli, na msitu ulikuwa mzuri vile vile, tena zaidi. Majani yote yamekoshwa na mvua, maji yanashuka kila upande, moshi wa ukungu unainuka taratibu baina ya miti, na harufu ya udongo na ya majani imekolea hata inakaa kwenye ulimi. Nilikasirika. Nilitaka mti mmoja angalau uanguke. Kisha, sijui kwa nini, hasira ikanitoka, na nikaona ni kitu kikubwa kwamba msitu ule ulikuwapo kabla ya bibi na kabla ya babu na punda wake, na hautuulizi lolote. Nilisema Subhanallah kwa sauti, nikaendelea kusukuma.

Nilipofika kwenye mfenesi nilikuwa sina pumzi. Nilipanda mpaka uwanjani, nikaegemeza baiskeli ukutani.

Shangazi alikuwa anafagia. Aliinua uso, akauacha ufagio mkononi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona leo si Jumapili?"

"Bibi kazidiwa," nikasema. "Anakuita."

Alinitazama. Akaitazama baiskeli. Hakuuliza kazidiwa vipi, wala tangu lini, wala kama amekula. Alisema tu, "Ngoja nijitayarishe," akaingia ndani.

Nilingoja. Nilimsikia akijimwagia maji. Alitoka amevaa nguo safi na buibui, na mimi nikadhani tunaondoka, lakini yeye akaanza kuwafungia kuku mmoja mmoja. Kisha akaenda nyuma ya jiko, penye mti mmoja wenye miba ambao sikuwahi kuuangalia mara mbili, akatandika kanga chini na kuanza kuchuma majani. Alichuma bila ya pupa. Miba ilimchora mkono, hakuufuta.

"Shangazi, twende," nikasema.

"Mgonjwa haendewi mikono mitupu."

Jua lilikuwa linapanda. Nilijua kule mjini maji yameshatelekwa, na kwamba shoga zake bibi wameshaingia chumbani, na kwamba wakimaliza kusubiri wataanza. Na hapa shangazi anachagua majani, hili analichukua, lile analitupa. Nilidhani ni dawa ya kumfukizia mgonjwa, na roho yangu ilikuwa inapasuka, kwa sababu dawa ile ilikuwa ni ya mgonjwa niliyemzua mimi. Neno moja tu lingemharakisha, na neno hilo nimekatazwa.

Hatimaye alifunga kanga, akaja. "Haya. Twende na hiyo."

"Baskeli?"

"Kwani umekuja na nini, meli?"

Shangazi hakuwahi kupanda baiskeli maishani mwake. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi chake, mjane anayeheshimiwa kuanzia Dole mpaka Kizimbani. Kupanda kutoka kwake mpaka kileleni tulikwenda kwa miguu, mimi nasukuma, yeye anashika keria nyuma anisaidie. Tulipofika pale msitu unapofunguka, ukungu ulikuwa umeondoka na mji ulikuwa chini yetu, umetulia. Boti ya Dar es Salaam ilikuwa inaingia bandarini. Nikayatafuta mabati ya Malindi kwa macho, na nilipodhani nimeliona paa letu, nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, kuna jambo sikukwambia."

Aliinua mkono wake wenye michirizi ya miba, karibu auzibe mdomo wangu.

"Hukupiga kengele," akasema.

Sikumfahamu.

"Siku zote unaipiga pale kwenye mfenesi, hata kuku wangu wanaijua. Leo umekuja kimya. Basi usinambie. Ukinambia hapa ntakaa chini, na nikikaa sitoinuka. Na mama kanambia nimkoshe." Aliiweka sawa ile kanga kwapani. "Haya ni majani ya mkunazi. Nambie tukifika."

Mkunazi nilikuwa nimeusikia katika kila msiba. Majani yake hupondwa yakatiwa katika maji ya kumuoshea maiti. Mti wenyewe sikuujua. Jumapili zote zile nilikuwa naegemeza baiskeli yangu karibu yake.

Nilimtazama shangazi yangu na nikaogopa, si kwa ubaya, bali kama nilivyouogopa msitu siku ya kwanza. Alijua tangu uwanjani. Alijua alipokuwa anawafungia kuku. Alikuwa amelibeba jambo zima ndani yake, limefungwa vizuri kama kanga ile, na juu ya hayo alikuwa akinihifadhi mimi, ili nisiwe wa kulisema.

Alikaa ubavu kwenye keria, akakusanya buibui lake, mkono mmoja ukashika kiuno changu na mwengine majani. "Bismillah," akasema. "Achia."

Nikaachia.

Nimeiteremka njia ile mara nyingi kabla ya siku ile na mara nyingi baada yake, na sijapata tena kuiteremka vile. Uzito wa watu wawili uliifanya baiskeli ikimbie kama iliyofungwa kamba na kuvutwa kutoka chini. Miti ilitupita. Matone yalituangukia shingoni. Nyuma yangu shangazi alianza kusoma Yasini kwa moyo, kwa sauti, na kila gurudumu liliporuka mzizi sauti yake ilikatika, kisha ikaendelea pale pale ilipokatikia, bila ya kuruka hata herufi. Nilikuwa nimeutunzia msitu ule ukimya wangu miaka yote, na sasa ukajaa sauti yake, na nikaona kwamba ndivyo ulivyotakiwa kuwa. Machozi yalinitoka, upepo ukayapeleka masikioni.

Kwenye mteremko mkali wa mwisho breki ya nyuma ilikufa. Nilibinya, hakuna kitu. Breki ya mbele peke yake ingetupindua. "Shangazi, breki!" nikapiga kelele, kana kwamba yeye ana nyengine.

Alikuwa nayo. Hakuacha kusoma. Nilihisi baiskeli inatetemeka, nikasikia mlio wa mpira, na mwendo ukaanza kupungua. Alikuwa ameubana mguu wake kwenye tairi la nyuma, ndara yake inakwaruzika, na aliuweka hapo mpaka njia ikatulia na udongo mwekundu ukawa lami ya Welezo. Ile ndara ilikuwa imelika upande mmoja mpaka kwenye unyayo.

"Imekwisha hiyo," nikamwambia.

"Ilikuwa nzee," akasema, akairudia aya aliyokuwa nayo.

Mjini tulipita kama harusi. Amani watu walisimama kututazama. Darajani vijana walitupigia mbinja: mwanamke mzima wa buibui, juu ya keria, ndara mbovu, anasoma! Mji wetu, alhamdulillah, una miguu mirefu kuliko baiskeli yoyote. Habari ilifika Malindi kabla yetu, na tulipoingia kichochoroni kwetu wanawake walikuwa wameshatoka mlangoni kuchungulia.

Jeneza la msikiti lilikuwa limeegemezwa ukutani. Wanaume walikuwa wamejaa barazani, na walipotuona walisimama wote. Baba alikuja mbele, mikono wazi, amejitayarisha kumshika dada yake.

Shangazi alishuka. Miguu ilimfa ganzi, akanishika bega mpaka ikarudi. Alilinyoosha buibui lake. Jeneza liko mbele yake, watu wako mbele yake, hakuna mtu pale asiyejua kwamba anajua. Lakini hakumtazama baba. Alinigeukia mimi.

"Haya," akasema. "Sasa nambie."

Nilikuwa nimelibeba neno lile kwenda na kurudi.

"Bibi kafariki, shangazi. Baada ya alfajiri."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, na hapo ndipo uso wake ulipovunjika, kidogo, akaukusanya tena. Alizivua ndara zake, ile nzima na ile iliyolika, akazipanga pembeni ya mlango. Aliuliza kama wameshaanza. Mama akamwambia hapana, maji yamepoa yakatelekwa tena, wanawake walikataa kuanza bila yake.

Akaingia na majani yake.

Baba alibaki amesimama karibu yangu, hajui pa kuiweka mikono yake iliyokuwa tayari. Baadaye aliishika baiskeli kwa usukani, yenye tope la Masingini mpaka kwenye kiti, akaikokota taratibu mpaka kivulini, akaiegemeza mwenyewe. Dirisha la chumba cha bibi lilikuwa juu yetu, limefungwa nusu. Tukasikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kisha tukamsikia shangazi, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mwenziwe polepole asije akashtuka.

"Mama," akasema, "nshakuja."